Draivu ya mezani, kipakatalishi, na zile volti 12

Vipakatalishi vipya siku hizi huja bila mahali pa kutia CD. Eee PC ya Asus (2007) haikuwa na draivu, MacBook Air (2008) vilevile, na wengine wakafuata. Lakini CD zenyewe bado ziko nyumbani. Kabla ya SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, programu nzito zilitufikia kwa CD. Hata Ubuntu ilikuja kwa posta, bure, mpango uliofungwa 2011. Picha za harusi na kazi za chuo tulizichoma kwenye CD, na rangi inayobeba data ndani ya CD za kuchoma huchakaa na miaka.

Basi watu huniuliza: nina draivu nzima niliyoitoa kwenye kompyuta ya mezani, je, naweza kuichomeka kwenye kipakatalishi kwa USB? Naam. Ila wengi hununua waya, wanachomeka, na draivu inanyamaza kama jiwe. Sababu yake ni ya zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 draivu za CD hazikuwa na lugha moja. Panasonic, Sony na Mitsumi kila mmoja alikuwa na soketi yake, na baadhi ya kadi za sauti za wakati huo zilibeba soketi zote tatu kwa mpigo (vurugu tupu!). Diski kuu ilikuwa na njia yake, IDE, ule utepe wa nyaya 40. Shida ni kwamba amri za IDE zilitungwa kwa ajili ya diski kuu tu. Hazikujua kufungua trei, wala kuuliza kama kuna CD ndani. SCSI ilijua, lakini ilikuwa ghali. Wahandisi wakafanya ujanja: wakachukua amri za mtindo wa SCSI, wakazitia kwenye bahasha, wakazipitisha juu ya utepe wa IDE. Hiyo ndiyo ATAPI, ambayo mwaka 1998 iliingizwa rasmi katika kiwango cha ATA.

Bahati yetu iko hapo. Waliotunga kanuni za kuhifadhi data kupitia USB nao wakabeba amri za SCSI. Kwa hivyo kile kidude cha kuunganisha USB na IDE hakina kazi kubwa ya kutafsiri: kinatoa barua katika bahasha moja na kuitia katika nyingine. Ndiyo maana Windows au Linux huitambua draivu bila kusakinisha chochote. USB 1.1 ilikuwa ya pole mno kwa DVD, USB 2.0 ya mwaka 2000, yenye megabiti 480 kwa sekunde, ilimaliza hilo. SATA ilipokuja 2003 ilibadilisha waya tu, bahasha zikabaki.

Stima ndiyo mkaidi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na pawa saplai iliyotoa volti 5 kwa saketi na volti 12 kwa mota. Waya nyekundu ni 5, ya manjano ni 12, mbili nyeusi ni za kurudisha. Draivu ya mezani imerithi mpango huo. Iliyo mezani pangu imeandikwa ampea 1.5 kwa kila upande. Mlango wa USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Ule waya wenye vichwa viwili vya USB huongeza ampea, lakini volti zinabaki 5: ndoo mbili za maji vuguvugu hazikupi maji ya moto. Draivu nyembamba za vipakatalishi hutumia volti 5 peke yake, ndiyo maana zenyewe zinakubali. Hata USB-C haikuokoi hapa, kwani ngazi zake za kawaida za stima ni volti 5, 9, 15 na 20.

Kwa hivyo nunua kidude chenye adapta yake ya ukutani inayotoa 12 na 5. Vile vya bei rahisi visivyo na adapta vilitengenezwa kwa diski ndogo za kipakatalishi. Kama una pawa saplai kuukuu ya ATX, unganisha waya ya kijani na nyeusi yoyote kwenye plagi yake kubwa, nayo itawaka bila ubao mama. Usilifungue boksi lake kamwe. Ndani hubaki chaji hata baada ya kuzimwa. Draivu ikiwa ya IDE, weka jampa kwenye Master. Washa stima kwanza, USB baadaye.

CD iliyokwaruzika mimi huisoma kwa ddrescue kwenye Linux. Huchukua kwanza palipo pazima, kisha inarudia pabovu polepole, hata ikibidi usiku kucha.