Tope la Namoya na Wadudu wa Vijito

Historia ya dhahabu ya Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, imezoea kuhesabu kilo zilizotoka, si maji yaliyobaki. Tangu miaka ya 1930, kampuni ya Kibelgiji ya MGL (Minière des Grands Lacs) ilipoanza kazi Namoya, dhahabu ya mabondeni ilipatikana kwa kuugeuza mkondo, kuchimbua changarawe, kuiosha, na kuliachia tope lishuke upande wa Mto Lwama. Hasara yake iko chini ya mawe. Geuza jiwe la kijito safi: utamkuta mdudu mchanga mwenye mikia mitatu, ubavuni ana matamvua laini yanayopepea bila kutulia, na hayo ndiyo anayopatia hewa. Jirani yake amejijengea ala ya chembe za mchanga. Tope likitanda, matamvua huzibwa na mianya ya changarawe hujaa. Wanaobaki ni minyoo na mabuu mekundu yanayovumilia uhaba wa hewa.

Yupo atakayesema kwamba Waungwana, yaani Waswahili wa mji jirani wa Kasongo, walikwisha kufyeka misitu na kulima mpunga kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwaka 1893, na kwamba mvua huleta tope kila mwaka. Ni kweli. Lakini mafuriko ya mvua hupita, na wadudu hurudi kutoka juu ya mto, wakichukuliwa na maji au wakiruka na kutaga mayai. Uoshaji wa changarawe huendelea hata kiangazi, mkondo ukiwa hauna nguvu ya kulisukuma tope, tena mara nyingi ni kule kule vyanzoni, ambako wadudu wa kurudi wangetoka.

Tena si kila kiumbe alipata hasara. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji yaliyotuama, na hayo humfaa konokono anayeeneza kichocho. Katika miaka ya 1980 Mholanzi A. M. Polderman alichunguza kichocho cha matumbo katika maeneo ya migodi ya Maniema. Leo lawama huelekezwa kwa zebaki ya wachimbaji wadogo, na kwa haki, maana hupanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, kisha kwa mlaji. Hata hivyo, zebaki ikikomeshwa peke yake, jiwe litabaki limefunikwa na tope. Yanahitajika pia mabwawa ya kutuliza maji kabla hayajarudi kijitoni, mashimo yafukiwe, na wadudu wahesabiwe juu na chini ya kila chimbo, masika na kiangazi.