Watu-chui wa Bafwasende hawakuuza roho zao

Mwaka 1992 Kenneth Nnebue wa Nigeria alitoa Living in Bondage, filamu ya Kiigbo iliyoongozwa na Chris Obi Rapu kwa kanda ya video na fedha chache. Andy anamtoa mkewe Merit kafara kwa kundi la siri, anatajirika, kisha mzuka wa Merit unamwandama. Filamu za mkondo huo zilifika Kongo, na Kinshasa makanisa ya uamsho yalizipokea kama ushahidi wa kazi za shetani. Kwa macho hayo ni rahisi kuwaona anioto, watu-chui wa Bafwasende, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wakati wa ukoloni, kama watangulizi wa Andy: wauaji waliofanya biashara na giza. Naona kuwaelewa hivyo ni kuipoteza historia yao.

Anioto wa Wabali, kabila la eneo hilo, walivaa gome la mti lililochorwa madoa na kutumia makucha ya chuma, ili mauti yadhaniwe yameletwa na chui. Aliyelindwa na shetani ana haja gani ya kughushi nyayo? Hila hiyo ni ya mtu anayeogopa kulipiziwa kisasi au kushtakiwa. Watafiti, hasa Vicky Van Bockhaven, wameonyesha kwamba nyuma ya mauaji walikuwapo wakuu waliogombea watu, ardhi na mamlaka. Ugomvi huo ulikuwapo kabla ya utawala wa Wabelgiji, lakini amri yao ya mwaka 1910 iliyowafanya machifu kuwa mawakala wa serikali iliuchochea, kwani aliyetambuliwa na serikali alipata nguvu ambazo mpinzani wake alizihesabu kuwa haki yake.

Atasema mtu: mbona viapo na dawa vilikuwapo, na waliouawa, wanawake na watoto wakiwamo, walikuwa watu halisi? Ni kweli, na damu hiyo haifai kupambwa wala kuitwa ushujaa. Lakini viapo vinaeleza muuaji alipata wapi ujasiri na kwa nini alinyamaza. Havielezi kwa nini lilishambuliwa kundi la chifu huyu, la yule likaachwa.

Swali hilo halimo katika taswira iliyoenea Ubelgiji. Sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913, iliyowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, inamwonyesha mtu-chui akimnyemelea aliyelala, bila chifu, bila kodi, bila mzozo. Mchoraji Mbelgiji Hergé akaichukua sura hiyo katika kitabu chake cha katuni, Tintin au Congo. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu ilihamishiwa chumba cha sanamu zilizoondolewa kwenye maonyesho. Kitabu cha Hergé bado kinauzwa.