Saa Zilizozima Skrini

Juzi nilikagua kiraka cha keneli ya Linux kinachohusu saa za skrini kwenye tarakilishi ya ubao mmoja, nikakumbuka kisa cha zamani.

Saa hapa si ya ukutani. Ni mapigo ya umeme yanayoendesha chipu. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kwa kawaida hutumia mapigo milioni 148.5 kila sekunde. Yakikatika, giza.

Zamani kila jamii ya chipu za ARM ilikuwa na programu yake ya saa ndani ya Linux. Mwaka 2012 toleo la 3.4 lilileta mfumo mmoja wa pamoja. Mfumo huo, keneli ikikaribia kumaliza kuwaka, huzima kila saa isiyo na mwenyewe ili kuokoa umeme.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Draiva ndogo iitwayo simplefb ilipokea skrini ikiwa tayari imewashwa, bila kudai saa yoyote. Keneli ikazizima. Mashine hai, skrini nyeusi!

Mwaka 2014 watu walibishana sana: draiva hii ibaki sahili, au ishike saa zake? Toleo la 3.19 la mwaka 2015 likaamua: ishike.

Kiraka cha juzi kilikuwa na kosa lile lile. Kwa mwandishi wake kilifanya kazi, kwa sababu draiva nyingine ilikuwa imeshika saa hiyo. Nilikirudisha.

Basi ukikagua, usiulize tu kama picha inaonekana. Uliza nani ameshika saa.