Nyumba za Mawe: Jina la Zimbabwe na Ushahidi Wake

Yako magofu mengi duniani ambayo msafiri mwenye nafasi na nauli hufanya vema kuyazuru: mapiramidi ya Misri, mji wa Pompeii katika Italia uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, mahekalu ya Angkor katika Kambodia, na karibu nasi zaidi, Kilwa Kisiwani na Gedi. Habari zake zimekwisha kuandikwa na wengi. Katika makala haya nakusudia kusema juu ya mahali pamoja tu, yaani Zimbabwe Kuu, palipo karibu na mji wa Masvingo, katika nchi ambayo tangu mwaka 1980 inaitwa kwa jina la magofu hayo. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, ni vigumu kutaja gofu jingine barani Afrika ambalo wajenzi wake wamekanwa kwa muda mrefu na kwa ukaidi kama hili. Pili, kazi yangu ni lugha, na jina la mahali hapo ni ushahidi ambao msemaji wa Kiswahili aweza kuusikia kwa masikio yake mwenyewe, pasipo kushika jembe la mchimbaji.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Mgeni afikapo huona kilima cha majabali, na juu yake kuta zilizounganishwa na majabali yale hata ni vigumu kujua kazi ya maumbile yakoma wapi na kazi ya mkono wa mtu yaanzia wapi. Bondeni, upande wa kusini wa kilima, ndipo lilipo Boma Kubwa. Ukuta wake wa nje una mzunguko wa karibu mita 250. Kwenda juu hufika mita 11 mahali pengine, na chini unene wake hupita mita 5. Ndani ya boma umesimama mnara wa duara, mnene chini na mwembamba juu, wenye kimo cha mita 10 hivi. Mnara huo hauna chumba wala ngazi; ndani umejaa mawe matupu.

Kuta zote zimejengwa kwa vipande vya itale vilivyopangwa safu juu ya safu, bila ya chokaa wala udongo wa kuvishikiza. Itale ya nchi ile hubanduka kwa tabaka kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku, hivyo waashi walipata mawe yaliyo karibu kuwa tayari kwa kazi. Lakini kuwa na mawe si kuwa na ukuta. Ukuta usio na chokaa husimama kwa uzito na mpango wake tu, na huu umesimama kwa mamia ya miaka. Kuta hizo hazikubeba paa. Watu walikaa katika nyumba za udongo na makuti ya majani zilizokuwa katikati ya kuta. Nyumba zimeanguka, kuta zimebaki. Wachunguzi wa mambo ya kale wakubaliana kwamba mji huu ulijengwa na kukaliwa zaidi baina ya karne ya 11 na karne ya 15, na kwamba wenyeji wake walikuwa mababu wa Washona wa leo.

Sasa tulitazame jina. Katika Kishona nyumba moja huitwa *imba*, na wingi wake ni *dzimba*. Jiwe ni *bwe* au *ibwe*, na wingi wake ni *mabwe*. Basi *dzimba dza mabwe* si neno la kumtafutia mfasiri. Liweke kando ya Kiswahili, *nyumba za mawe*, nawe utaona kwamba maneno matatu yalingana na maneno matatu, kila moja mahali pake, hata kiungo cha katikati: *dza* kwao, *za* kwetu. Tofauti ya *mabwe* na *mawe* nayo si ya bahati. Sauti *b* ya asili ya lugha za Kibantu imelainika katika Kiswahili ikawa *w*, kama ionekanavyo katika *watu*, ambao Waganda na Wabemba huwaita *abantu*. Wabemba wa Zambia husema *amabwe* kwa mawe, na Wangazija, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, husema *bwe* kwa jiwe. Sisi wenyewe hatukuipoteza kabisa *b* hiyo: vijiwe vidogo vyeupe twaviita *mbwe*.

Wako wataalamu wasemao kwamba jina halikutokana na mawe, bali na *dzimbahwe*, maana yake nyumba zenye kuheshimiwa, yaani makao ya mfalme au mahali pa kuzikiwa wakubwa. Sitaamua ugomvi huo hapa. Yatosha kusema kwamba pande zote mbili zakubaliana juu ya nusu ya kwanza ya jina, nayo ni nyumba.

Msomaji mwenye hadhari aweza kunipinga hapa, na ana haki. Jina la mahali halithibitishi peke yake ni nani aliyepajenga. London ni jina la kale kuliko Kiingereza, na Waingereza walilikuta. Watu wengi duniani huishi katika miji iliyoitwa na wengine, na wengine huipa majina yao miji wasiyoijenga. Je, haiwezekani kwamba Washona walizikuta kuta hizi tupu, wakaziita nyumba za mawe kwa sababu ndivyo walivyoziona?

Jibu lapatikana katika namna neno lenyewe lilivyotumika. Zimbabwe halikuwa jina la mahali pamoja. Lilikuwa neno la kawaida, lenye umoja na wingi, kama kwetu ngome au ikulu. Katika nyanda za juu baina ya mito Zambezi na Limpopo kumeonekana magofu ya mawe ya namna hii zaidi ya 200, madogo kwa makubwa, na hili la Masvingo liliitwa Kuu kwa sababu lawapita wenzake. Mwaka 1552 mwandishi wa Kireno João de Barros alichapisha habari za nchi hizo. Asema kwamba jengo hilo huitwa *Symbaoe*, kwamba maana yake ni baraza ya mfalme, na kwamba kila mahali akaapo Mwenemutapa huitwa hivyo hivyo. Hapo ndipo penye uzito. Mtu akikuta gofu la wageni aweza kulipa jina. Lakini hawezi kuwa na neno lililo hai la makao ya mfalme wake, na wafalme walio hai wakaao katika makao ya jina hilo, ila kama desturi yenyewe ni yake.

Uaminifu wanilazimu kutaja na jambo jingine lililomo katika habari hiyo ya de Barros, ambalo wapinzani walilipenda sana. Asema kwamba watu husadiki jengo hilo kuwa kazi ya shetani, kwa kuwa halilingani na uwezo wa wenyeji. De Barros hakufika huko. Alipokea habari zilizotoka kwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani ya Sofala, yaani watu wa jamaa zetu. Nitalirudia jambo hilo chini.

Habari za kukanwa kwa wajenzi ni ndefu, nami nitazifupisha. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye magofu. Alikata kibanzi cha mti wa mlangoni, akakinusa, akaona harufu yake ni kama ya kalamu yake ya risasi. Basi akasema ni mwerezi wa Lebanoni, na kwamba jengo ni la Malkia wa Sheba. Mti ule ulikuwa wa nchi ile ile. Mwaka 1891 alikuja J. Theodore Bent, kwa msaada wa kampuni ya Cecil Rhodes iliyokuwa ndiyo kwanza imeitwaa nchi, naye akaandika kwamba wajenzi walitoka kaskazini, Uarabuni. Halafu, baina ya 1902 na 1904, Richard Hall aliyewekwa kuyatunza magofu aliondoa udongo mwingi uliokuwamo, akidhani kuwa ni takataka za Waafrika zilizofunika kazi ya wageni wa kale. Udongo ule ndio uliokuwa kitabu. Vigae, majivu na sakafu zilizolala tabaka kwa tabaka, ambazo zingetuambia nani alikaa lini, zilizolewa na kutupwa. Wizi huweza kurudishwa. Tabaka lililochanganywa halirudi.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba sehemu zilizosalia, akasema waziwazi kwamba kazi yote ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Walowezi walikasirika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alitumwa aichunguze kesi upya. Alichagua mahali pasipoguswa na Hall, akachimba kwa taratibu, na kitabu chake cha mwaka 1931 kikahukumu kama alivyohukumu mwenzake. Kwa wataalamu kesi ilikwisha. Kwa watawala haikwisha. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, vitabu vya kuwaongoza wageni vilitakiwa visiseme kwamba Waafrika ndio wajenzi. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa majengo ya kale, hakukubali, naye aliondoka nchini mwaka 1970. Kwa nini serikali nzima iogope ukuta? Kwa sababu kama wageni walijenga zamani, basi wageni waliokuja baadaye walikuwa wakirudi kwao tu. Na kama wenyeji walijenga, madai hayo hayana msingi. Wapigania uhuru nao walilijua hilo, ndiyo maana walilichukua jina la magofu tangu mwanzo wa miaka ya 1960.

Sasa narudi pwani. Katika magofu hayo zimeonekana shanga za kioo, vigae vya vyombo vya China na vya Uajemi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, Sultani wa Kilwa aliyetawala mapema katika karne ya 14. Ndiye aliyezuriwa na Ibn Battuta mwaka 1331, na ndiye ahesabiwaye kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa. Ibn Battuta aliambiwa kwamba dhahabu hutoka bara na kuletwa Sofala. Na utajiri wa Kilwa ulitokana na kuishika biashara hiyo ya Sofala. Kwa hiyo asimamaye Husuni Kubwa na asimamaye Boma Kubwa watazama ncha mbili za njia moja.

Hapa ndipo lile neno la shetani linapotuchoma. Watu wa pwani walipokea dhahabu ya wajenzi wale, na baadhi yao wakasema kwamba mwanadamu wa bara hawezi kujenga hivyo. Lugha yetu bado inalo neno *mshenzi*, na kila mmoja wetu ajua lilielekezwa upande gani. Kisha kipimo kile kile kikarudi kutupima sisi. Wataalamu walipoiona misikiti na majumba ya Kilwa na Lamu walisema hayo ni makoloni ya Waajemi na Waarabu, na wengi wetu tulifurahi kusikia hivyo. Ilipasa Mark Horton achimbe Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, aonyeshe mji uliokua hatua kwa hatua tangu karne ya 8 kutoka kijiji cha wenyeji, ndani yake misikiti ikijengwa mmoja juu ya mwingine, kwanza ya miti na udongo, kisha ya mawe. Kumkana jirani ni kumfundisha mtu wa tatu njia ya kukukana wewe.

Nilipofika Zimbabwe Kuu nilikuwa nimekwisha kusoma haya yote katika maktaba ya Ulaya, maana huko ndiko nilikosomea shahada yangu. Mzee mmoja mlinzi wa mahali hapo aliniuliza kwetu wapi; nilipomjibu, tukakaa chini ya ukuta tukajaribu maneno. *Munhu*, mtu. *Moto*, moto. *Mvura* kwao ni maji, na kwetu mvua. *Dzimba dza mabwe*, akasema. Nami nikamjibu, nyumba za mawe. Hakushangaa. Alikuwa na haki ya kutoshangaa, maana kwake halikuwa fumbo.

Ndege wa jiwe laini waliochongwa huko, ambao mmoja wao yumo katika bendera ya nchi, walitawanywa na wageni. Wengi wa waliokuwa Afrika ya Kusini walirudishwa mwaka 1981, na kipande cha mwingine kikarudi kutoka Ujerumani mwaka 2003. Basi msomaji ukijaliwa kwenda, utawaona katika jumba la makumbusho hapo hapo. Panda kilima asubuhi kabla ya jua kali, kisha shuka uuzunguke ukuta mkubwa. Usiulize ni nani aliyeujenga. Litamke jina lake polepole, kama ulitamkavyo neno la lugha yako, nawe utakuwa umekwisha kujibiwa.