Mapigo ya Moyo, 1871

Mwaka 1871 daktari mmoja wa Philadelphia, Jacob Da Costa, alichapisha makala kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Moyo uliwaenda mbio, kifua kilibana, pumzi haikutosha, lakini alipowapima hakuona ubovu wa kueleza mateso hayo. Aliuita moyo mwepesi wa kuchokozeka, akawaandikia mapumziko na dawa za moyo.

Juni ya mwaka huohuo Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe na msafara wake, akapanga Kwihara, nje kidogo ya Tabora ya leo. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wasafiri wa Kizungu wametuachia kurasa kwa kurasa za homa zao na hofu zao. Mpagazi mwenye frasila mbili begani, kama kilo 30 na kitu, hakuna aliyemuuliza moyo wake unaendaje.

Nauliza kwa sababu wangu naujua. Shambulio la kwanza la hofu lilinikuta maktaba, feni inazunguka, hakuna simba wala mnyang'anyi. Vidole vilikufa ganzi, jasho likanitoka, nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa. Hospitalini kipimo cha moyo kilitoka safi. "Huumwi kitu, dada," daktari akasema. Da Costa angalau aliupa jina. Baada ya hapo nikaanza kukaa karibu na milango, kisha nikaacha kupanda daladala zilizojaa. Shambulio lenyewe hupita kwa dakika chache. Linaloharibu maisha ni kulisubiri lijalo.

Madaktari wa akili wa Marekani waliutambua rasmi kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1980. Mwaka 1986 Mwingereza David Clark akaeleza mzunguko wake: mtu anasikia mapigo, anayatafsiri kuwa ni kifo, na tafsiri hiyo inayazidisha mapigo. Zipo dawa zinazosaidia wengi, zikiwemo zile zinazotumika kutibu sonona. Mimi nilianza na tiba ya fikra na tabia. Mshauri wangu alinifanya nikimbie palepale niliposimama, nipumue kwa mrija, nizunguke kwenye kiti hadi kizunguzungu kinishike. Nilidhani ananitania. Shabaha ilikuwa kuziita dalili kwa makusudi, niziache zishuke zenyewe, mwili ujionee kwamba haufi.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma habari za Buswezi, chama cha uganga na pepo cha Wanyamwezi na Wasukuma, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1955. Mgonjwa hakuambiwa haumwi. Ngoma ilipigwa, mwili ukatetemeka mbele ya watu waliokwisha kupitia hayo, na aliyepona akawa mmoja wao. Sisemi kwamba wapagazi walikuwa na ugonjwa wangu. Kuwapachika wafu majina ya magonjwa yetu ni uvivu. Wala siisifu ngoma kupita kiasi, maana ilikuwa na gharama zake na masharti ya maisha mazima. Lakini kupelekwa hadi pale mwili unapotisha, na mtu akiwa kando yako, hilo nililitambua mara moja. Kwenye kiti changu tulikuwa wawili tu, na saa ikihesabiwa kwa malipo. Huku kwetu wataalamu wenyewe ni wachache, na wengi wako mijini.

Bibi yangu wa Tabora ni Mkatoliki, hapendi kabisa kusikia habari za Waswezi. Nilipomsimulia kuhusu kiti alicheka hadi akashika mbavu. "Kwa hiyo, mjukuu wangu, unalipa hela ukazungushwe?"

Bado yanakuja, ila kwa nadra. Mwezi uliopita lilinikuta kwenye treni, baada ya Manyoni, katika Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Sikusogea mlangoni. Niliyasikiliza mapigo, nikamwambia jirani yangu, mama mwenye mtoto mgongoni, kwamba moyo unanienda mbio na utatulia. Akaniambia haya, tukae. Tulipofika Itigi ulikuwa umeshatulia, naye alikuwa anauliza bei ya asali dirishani.