DNA hugangwa, haikarabatiwi

Nimekutana tena na "ukarabati wa DNA", safari hii katika kitabu cha biolojia cha sekondari, na sioni sababu ya kuendelea kunyamaza. Hukarabatiwa jengo, hukarabatiwa barabara ya Uvira hadi Bukavu: vitu vinavyochakaa kwa miaka huku vikingoja bajeti. Seli haingoji. Tomas Lindahl, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, alionyesha kwamba DNA huharibika yenyewe hata pasipo mionzi wala sumu. Katika seli moja hukadiriwa kwamba besi zipatazo 10,000 hung'oka kila siku, nazo hurudishwa siku hiyohiyo.

Wengine hupendelea "utengenezaji". Hapa Songo, Uvira, anayepeleka injini ya mtumbwi kutengenezwa anaeleweka mara moja. Msomaji wa Dodoma, lakini, ataelewa kwamba DNA inaundwa, na kuunda DNA ni kazi nyingine kabisa. "Urekebishaji" nao umekwisha kuchukuliwa na wanaobadili jeni kwa makusudi.

Neno ninalolitetea ni ugangaji. Kamusi za Madan (1903) na Johnson (1939) zinaipa kuganga maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika, si kutibu peke yake. Gango ni kile kinachoshikiza kilichovunjika. Shina lenyewe ni la Kibantu cha kale: Kikongo kina nganga, Lingala ina monganga, Kishona kina n'anga. Methali ya kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, inajulikana na kila mtoto wa shule. Kuunga na kuponya vimekaa katika kitenzi kimoja, nasi tunahangaika kutafuta kingine!

Kamati moja iliyoketi mbali na ziwa letu ililikataa pendekezo hili kwa sentensi moja: eti lina harufu ya uchawi. Jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma. Kwetu munganga ni daktari wa hospitali, mwenye koti jeupe. Na huko Tanzania, Mganga Mkuu wa Serikali ni cheo cha wizarani. Wajumbe wanaoishi na cheo hicho walikiogopa kitenzi kilichokizaa.

Ubora wa neno unaonekana penye ugonjwa. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 habari za watoto 38 wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na madaktari wawili kutoka hospitali hadi hospitali, hadi Afrika Kusini, akaona kwamba uvimbe huo hufuata nchi za joto na mvua na kukoma milimani. Karibu na ikweta, kwenye mita 1,500 hivi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Kwa kipimo hicho ufuko wetu umo ndani ya mkanda wa uvimbe huo, na vilele vya Itombwe vilivyo mgongoni mwetu viko nje.

Yaliyomo ndani ya seli yalijulikana baadaye. Seli B za kinga hujikata DNA kwa makusudi ili kuboresha kingamwili, kisha huiunga. Malaria, iliyoenea katika mkanda huohuo, ikizichokoza mfululizo, mikato huzidi. Ndipo jeni ya MYC ya kromosomu ya 8 inapojikuta imeungwa kwenye kromosomu ya 14, mahali panapoamrisha kingamwili, isitulie tena. Kuhama huko kwa MYC kulithibitishwa mwaka 1982. Angalieni vizuri: hakuna ncha iliyoachwa wazi. Zote zimeungwa, ila kombo, kama mfupa uliofungwa gango kabla haujanyooshwa. Anayesoma "kasoro ya ukarabati" atadhani kazi haikufanyika. Anayesoma "DNA imegangwa kombo" ameuona ugonjwa wenyewe.

Kwa matumizi: vimeng'enya vigangaji, jeni za ugangaji (BRCA1 na BRCA2 zikiwemo), na mkato usiogangika.

Siklofosfamidi, mojawapo ya dawa ambazo Burkitt aliwapa watoto wenye uvimbe huo, hubana nyuzi mbili za DNA zisiachane. Daktari wa Uvira anaweza kumwambia mama wa mgonjwa hivi: dawa hii inaumiza uvimbe upesi kuliko uvimbe unavyoweza kujiganga. Wajumbe wa kamati wajaribu kumwambia hivyo kwa "ukarabati".