Swichi Isiyo na Ncha

Redio za zamani, zenye valvu za kioo, mara nyingi zilitaka volti 90 au zaidi. Pasipo na nyaya za umeme, iliweza kutumika betri ya gari ya volti 6, na kidude kilichotetemeka kikikata na kuunga umeme ili transfoma iupandishe. Ncha zake zikiungua, redio ilinyamaza.

Transista ilizaliwa Marekani mwaka 1947. Redio yake ilitosheka na betri za tochi. Ndiyo vikundi vya “Mtu ni Afya” viliyoisikiliza mwaka 1973.

Baadaye ilirithi kazi ya kile kidude. Ndani ya inveta ya umeme wa jua hukata na kuunga maelfu ya mara kwa sekunde, wala haina ncha.